MPLS inaisha, matawi tisa: kabla ya kununua SD-WAN, fuata waya hadi barabarani

Swali lililoletwa hapa kwa ufupi ni hili. Kampuni ya vipuri vya magari ina makao makuu Industrial Area, Nairobi, na matawi tisa: Mombasa, Kisumu, Eldoret, Kitale, Nakuru, Meru, Thika, Machakos na Kitengela. Kila tawi lina laini ya MPLS, yaani laini binafsi ya kukodi inayoliunganisha na makao makuu bila kupita intaneti ya wote, ya Mbps 10, na mkataba unaisha baada ya miezi mitano. Programu ya mauzo na stoku iko kwenye seva makao makuu, barua pepe na faili ziko Microsoft 365, simu za mezani zinapita humo humo. Muuzaji amependekeza MPLS iondolewe yote, iwekwe SD-WAN, yaani mfumo wa ruta unaochagulia kila programu laini ya kupita, juu ya intaneti ya kawaida, na ameahidi gharama itashuka kwa nusu. Mwenzetu anauliza ahame au abaki.

Hama. Ila usihame kwa sababu aliyokupa muuzaji, na usisaini chochote kabla hujajua waya wa kila tawi unapita wapi baada ya kutoka ukutani.

Laini ya MPLS inakupa vitu vitatu ambavyo watu huvisahau kwa kuwa vimekuwepo siku zote. Trafiki yako imetengwa na ya wateja wengine. Sauti ya simu ikipewa alama ya kipaumbele, yaani DSCP 46, inaheshimiwa mwanzo hadi mwisho. Na likitokea tatizo kati ya Kisumu na Nairobi, kampuni ya kujibu ni moja. Ukihamia intaneti ya kawaida, vyote vitatu vinaondoka siku hiyo hiyo. Usiri unaurudisha kwa usimbaji wa IPsec au WireGuard, yaani handaki la siri juu ya intaneti (VPN), na hilo ni rahisi. Kipaumbele hakirudi, kwa sababu ile alama ikishatoka kwenye ruta yako mitandao ya katikati haiitazami. Inachofanya SD-WAN ni kupima laini ulizonazo kila baada ya muda mfupi na kupeleka kila programu kwenye laini iliyo nzima wakati huo. Tawi lenye laini moja halina cha kuchagulia. Hilo limenunua VPN ya bei ghali.

Kwa hiyo kila tawi linahitaji laini mbili, na hapo ndipo ile nusu ya gharama huanza kuliwa. Fanya hesabu ukiwa na laini mbili, leseni ya kila mwaka na betri ndani yake, halafu ndipo ulinganishe na bei ya MPLS. Bado mara nyingi utapata nafuu, na hata bei ikilingana utakuwa umepata kasi mara tano au kumi ya ile Mbps 10. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuhama.

Sasa waya wenyewe. Laini mbili zenye upatikanaji wa asilimia 99 kila moja, zikiwa hazihusiani kabisa, zitaanguka pamoja kwa asilimia 0.01 tu ya muda, yaani dakika nne na kitu kwa mwezi. Zikiwa kwenye mtaro mmoja, hesabu hiyo haipo tena: kijiko cha mkandarasi wa barabara kikizikata, umerudi kwenye asilimia 99, na hiyo ni zaidi ya saa saba kwa mwezi. Kupata majina mawili kwenye ankara hakutoshi, maana makampuni mawili ya intaneti yanaweza kuwa yamekodi faiba ya mwenye mtandao mmoja. Mijini, faiba nyingi hutundikwa kwenye nguzo za Kenya Power. Lori likigonga nguzo, zote mbili zinalala, na stima inaenda nazo.

Namna ya kukagua: omba kila mtoa huduma ramani ya njia ya faili la KMZ kuanzia jengo lako hadi kituo chake, uzifungue zote mbili kwenye Google Earth kwa pamoja. Kisha tembea. Toka na waya kwenye jengo, uone unaingia shimo gani au unapanda nguzo gani, na kama nyaya zote mbili zinafuata upande ule ule wa barabara. Muulize kila mmoja kwa maandishi kama kipande cha mwisho ni chake au amekodi. Asiyekubali kuandika, mchukulie kuwa amekodi.

Kwa matawi mengi ya aina hii mimi napendelea faiba moja na kitu kisicho waya: redio ya nukta kwa nukta kama kuna mnara unaoonekana, au 4G/5G, au setilaiti ya obiti ya chini. Ukichagua laini ya simu, ichukue kwa kampuni tofauti na ile ya faiba. Mnara wa simu nao mara nyingi unalishwa na faiba, na ukiwa wa kampuni ile ile kuna uwezekano mkubwa faiba hiyo ndiyo iliyokatika. 5G ya kibiashara ilianza nchini Oktoba 2022 na kule iliko ni laini nzuri, ila pima ndani ya duka lako na si barabarani. Mabati na rafu za chuma hula mawimbi. Antena ya nje yenye kebo fupi ya mita tano hurudisha kiasi kikubwa cha nguvu, lakini kebo nyembamba ya mita ishirini itakunyang'anya ulichopata. Ni heri ruta ya 4G ikae juu dirishani na kebo ya Ethernet ishuke chini.

Setilaiti ya sasa ni tofauti kabisa na ule mzigo wa zamani wa VSAT, setilaiti ya obiti ya juu. Ile ilikaa kilomita 35,786 juu, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde. Za Starlink ziko kilomita 550 hivi. Huduma hiyo iliingia Kenya Julai 2023, na Januari 2025 ikafungua kituo cha kuunganisha Nairobi, jambo lililopunguza sana muda kwa trafiki ya hapa hapa, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ikitokea nje ya nchi. Kwa Kitale na Meru ni laini ya pili nzuri. Kwa Nairobi na kaunti za jirani usiitegemee kabla hujathibitisha nafasi ipo, maana mwishoni mwa 2024 maombi mapya yalisimamishwa huku kwa kuwa uwezo ulijaa. Antena inataka anga wazi. Mti mmoja upande ule inakotazama utakupa mikatiko mifupi ya sekunde chache kila mara, ambayo mtu wa barua pepe haioni lakini mtu wa simu anaiona.

Ukishapata laini, pima njia ndani ya nchi kabla ya kujenga chochote. Kosa hili linatokea sana na halionekani kwenye karatasi ya muuzaji. Tawi la Kisumu likiwa kwa mtoa huduma A na makao makuu kwa mtoa huduma B, pakiti zinatakiwa kubadilishana Nairobi, pale KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki kilichoanzishwa mwaka 2000. Ikiwa A na B hawabadilishani hapo vizuri, pakiti itazunguka Ulaya ndipo irudi Industrial Area. Kompyuta ikiwa Kisumu, piga ping, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwa anwani ya umma ya makao makuu. Kwenye faiba, jibu la milisekunde 8 hadi 20 ni sawa. Ukiona 150 na zaidi, imetoka nje ya nchi. Endesha traceroute, amri inayoonyesha kila kituo cha njia, uone inapopindia. Dawa yake si kununua kasi zaidi. Weka makao makuu laini mbili kutoka kwa watoa huduma wale wale wanaohudumia matawi, ili kila handaki libaki ndani ya mtandao wa kampuni moja.

Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu ya programu yako ya mauzo. Programu nyingi za aina hiyo huongea na hifadhidata mara mia mbili hivi ili kufungua ankara moja. Kwa milisekunde 10 kila mara, hiyo ni sekunde 2. Kwa 60 ni sekunde 12. Kwa 160 ni zaidi ya nusu dakika, mteja amesimama kaunta. Ukiongeza laini kutoka Mbps 10 hadi 100, hakuna sekunde hata moja itakayopungua, kwa kuwa kinachosubiriwa ni safari wala si upana. Ikiwa programu yako iko hivyo, usiipeleke kwenye wingu la nje ya nchi ukitumaini SD-WAN itaibeba. Fanya watumiaji waifungue kwa kompyuta ya mbali, yaani picha tu ndiyo isafiri, na maswali yabaki karibu na hifadhidata.

Kumbuka pia tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Kilichokuwa kikizungumza Nairobi na Mombasa kwa njia ya ndani kiliendelea. Kilichokaa kwenye vituo vya data vya Johannesburg au Cape Town kilipata taabu, maana njia iliyokatika ndiyo hiyo hasa. Kwa mtu anayehamia intaneti, maana yake ni kwamba muulize kila mtoa huduma ana uwezo kwenye nyaya zipi: TEAMS, EASSy, SEACOM, LION2, PEACE. Ukipata wawili wanaotegemea waya ule ule, umerudi kwenye mtaro mmoja, ila huu uko chini ya maji.

Sasa mambo ya kusanidi, na nitakaa zaidi kwenye mawili yanayosumbua wengi.

La kwanza ni ukubwa wa pakiti. Ethernet hubeba baiti 1500. Laini ya PPPoE, ile ambayo ruta huingia kwa jina na nywila, inakata 8. Usimbaji wa WireGuard unaongeza baiti 60 kwenye IPv4, na IPsec hukaribia hapo au kuzidi kidogo kulingana na aina ya usimbaji. Ruta ikipokea pakiti isiyoingia, inatakiwa kumwambia mtumaji apunguze, kwa ujumbe wa ICMP. Watu wengi wamezuia ICMP yote kwenye faiawoli wakidhani wanajilinda. Matokeo yake ping inajibu, ukurasa wa kuingia unafunguka, halafu ripoti ya stoku inaganda katikati na hakuna anayejua kwa nini. Upimaji wake: ukiwa kompyuta ya tawi, ndani ya handaki, andika kwenye Windows

ping -f -l 1372 anwani-ya-seva

Namba hiyo pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1400. Ikipita, panda, isipopita, shuka kwa kumi kumi hadi ipite. Uliyoipata ongeza 28, hiyo ndiyo MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Weka thamani hiyo kwenye handaki, kisha lazimisha MSS ya TCP, yaani kiasi cha data ndani ya kila pakiti, iwe pungufu yake kwa 40. Kwa MTU 1400 ni 1360. Fanya hivyo kwa kila laini peke yake, kwa sababu laini ya simu mara nyingi ina kikomo cha chini kuliko faiba, na tatizo litajitokeza siku faiba imekatika tu, siku ambayo huna muda wa kulitafuta.

La pili ni anwani. Laini za simu na Starlink ya kawaida hukupa anwani ya pamoja, utaiona ikianza na 100.64 hadi 100.127, au wakati mwingine 10. Handaki haliwezi kuanzishwa kuelekea hapo. Lazima tawi lianzishe lenyewe kuelekea makao makuu, ambako unahitaji anwani ya umma isiyobadilika kwenye laini zote mbili. Ilipie, ni pesa ndogo. Weka ujumbe wa kuamsha kila sekunde 25, la sivyo mtandao wa simu unafunga mlango na seva haiwezi kulifikia tawi mpaka tawi lenyewe liongee. Kwa IPsec ruhusu UDP 500 na 4500.

Hapo hapo kuna mtego wa bando. Chukulia SD-WAN inapima kila handaki kila sekunde. Pakiti ya baiti 150 kwenda na nyingine kurudi ni takribani MB 26 kwa siku, karibu MB 780 kwa mwezi, kabla ya kazi yoyote kufanyika. Ukiruhusu kila tawi liunganishwe na kila tawi, maeneo kumi yanatoa mahandaki 45, na tawi moja lenye mahandaki tisa juu ya laini ya simu litakula GB 7 kwa mwezi likiwa limelala. Vipuri vinauzwa kutoka stoku ya makao makuu. Matawi hayana sababu ya kuongea yenyewe kwa yenyewe isipokuwa simu. Jenga nyota, kitovu kikiwa makao makuu, na kwenye laini ya simu punguza upimaji hadi kila sekunde 5 au 10. Zima pia ile huduma ya kutuma kila pakiti mara mbili, isipokuwa kwa sauti.

Vipimo vya kuhamia laini nyingine, ninavyoviweka mimi kwa kuanzia: sauti ihame ikiwa upotevu umezidi asilimia 1, au kuyumba kwa muda wa kufika kumezidi milisekunde 30, au safari ya upande mmoja imezidi 150. Mauzo yavumilie upotevu wa asilimia 2. Laini ihesabiwe imekufa baada ya vipimo vitano kukosekana, na isirudishiwe kazi mpaka ikae nzima dakika tano mfululizo. Watu hupuuza hiyo ya kurudi. Laini inayokatika na kurudi kila dakika inafanya trafiki irukeruke, na hali hiyo ni mbaya kuliko kubaki kwenye laini mbovu moja.

Simu moja ya G.711, muundo wa kawaida wa sauti, ndani ya IPsec inakaribia Kbps 110 kila upande. Simu kumi ni kama Mbps 1.1. Si nyingi, lakini zinakufa mtu akipakia faili kubwa OneDrive, kwa sababu foleni inajaa kwenye kifaa cha mtoa huduma ambako huna amri. Bana kasi ya kupandisha iwe asilimia 90 ya ile uliyopima saa nne asubuhi siku ya kazi, ili foleni ikae kwenye ruta yako, hapo kipaumbele chako kina maana.

Microsoft 365 itoke moja kwa moja kwenye tawi, isipitishwe makao makuu. Ukifanya hivyo hakikisha DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, nayo inatoka hapo hapo, la sivyo tawi litaelekezwa kwenye seva iliyo karibu na DNS badala ya iliyo karibu nalo. Hii ndiyo njia inayoelekea kwenye kile kinachoitwa SASE tangu 2019, ulinzi unaokaa kwenye wingu badala ya faiawoli ya makao makuu. Kwa kampuni ya ukubwa wenu, anza na faiawoli ya ruta yenyewe. Tenga keshia, kamera na simu za wageni kwenye VLAN tofauti, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi ile ile, kamera zisiruhusiwe kutoka kabisa.

Jambo moja huwashangaza makeshia. Laini ikibadilika, kilicho ndani ya handaki kinaendelea kwa kuwa anwani ya ndani haibadiliki. Kilichotoka moja kwa moja intanetini, kama tovuti ya benki, kinakatika na kuomba uingie upya. Waambie mapema. Kwa ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kodi, angalia mfumo wenu umeunganishwa kwa OSCU, inayotaka mtandao muda wote, au VSCU, inayostahimili mtandao kupotea, kisha uamue tawi gani lina haraka ya laini ya pili.

Stima: ruta, kifaa cha faiba, swichi na simu chache ni wati 50 hivi. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake ili isife mapema na kutoa hasara ya inveta, inabeba takribani saa 10. Starlink inaongeza wati 75 hadi 100, na hizo saa 10 zinashuka hadi tatu na nusu au nne. Piga hesabu ukiwa na vyote viwili.

Kuhusu chapa, soko hili linabadilisha wenyewe sana. VeloCloud, chapa moja ya SD-WAN, ilinunuliwa na VMware 2017, ikaenda Broadcom pamoja na VMware 2023, na 2025 ikauzwa kwa Arista. Kila uhamisho unaweza kubadilisha leseni na bei. Muulize muuzaji, kwa maandishi: leseni ikiisha, kifaa kinaendelea kupitisha trafiki au kinasimama? Kidhibiti, yaani seva inayosimamia ruta zote, kiko nchi gani, na kikikosekana mahandaki yanaendelea? Kwa matawi tisa yenye kitovu kimoja, FortiGate iliyo na SD-WAN ndani yake, au hata MikroTik ya RouterOS 7 yenye WireGuard mbili na BGP (itifaki ya kuchagua njia), inatosha kama una mtu anayeijua. Kama huna, lipia huduma inayosimamiwa, na usione haya.

Utaratibu wa kuhama: kwanza panga anwani upya. Matawi yakiwa yote kwenye 192.168.1.0 hayataunganika, lipe kila tawi mtandao wake ndani ya anwani za 10.x.x.x. Kisha anza na Thika na Kitengela, ambako fundi anafika ndani ya saa moja. Acha MPLS ikiwa hai pembeni siku 30. Siku ya majaribio, saa nne asubuhi keshia akiwa kazini, chomoa faiba kwa mkono na uhesabu sekunde mpaka ankara ifunguke. Rudia kwa laini ya pili, kisha zima stima. Mombasa na Kisumu ziwe za mwisho, na Mombasa ningeiachia MPLS ndogo ya Mbps 5 kwa mwaka mmoja kama mauzo yake ni makubwa kuliko ya wengine. Usiguse chochote wiki ya kuhesabu stoku.

Na leo, kabla ya yote hayo, fungua mkataba wa MPLS utafute kifungu cha kujihuisha wenyewe. Kama notisi ni siku 90, miezi mitano uliyonayo ni miwili tu, na barua ya notisi iende sasa ikiomba kuongezewa mwezi kwa mwezi baada ya tarehe ya mwisho.